Tulivyoizunguka Pate kwa Miguu: Mimi, Mke Wangu na Dumu la Maji

Sisi watu wa pwani tukisikia kwamba mtu na mkewe wamefunga mizigo mgongoni wakaenda kuzunguka kisiwa kwa miguu, mara moja hudhani ni Wazungu. Na haki yetu, kwani hao ndio tunaowaona Lamu na Unguja kila kaskazi ikivuma, wamebeba mashanta makubwa kama magunia ya nazi, wakiulizia chumba cha bei nafuu. Mimi nami nilikuwa nikiwacheka. Lakini Mungu si Athumani. Mwezi wa Februari mwaka 2022 nikajikuta mimi mwenyewe na shanta mgongoni katikati ya kisiwa cha Pate, jua la utosi, na mke wangu ananitangulia hatua ishirini bila ya kugeuka nyuma, kwa kuwa tumegombana.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kujua safari hiyo ilianzia wapi, usiitafute gatini Lamu. Ilianzia Nuu.

Nuu iko upande wa Mwingi, katika kaunti ya Kitui, mbali na bahari kwa mwendo wa siku. Mke wangu kazaliwa huko. Baba yake alikuwa kuli bandarini Kilindini, akasilimu, akarudi kwao na msala na tasbihi, akawalea wanawe katika dini mahali ambapo msikiti wa karibu ulitaka nauli ya basi. Nchi yenyewe ni ya ukame. Mito yake mwaka mwingi haina maji juu; ina mchanga. Mtoto wa kike wa huko, kabla hajajua kusoma, anajua kusoma mchanga: wapi achimbe kwa kata, achimbe mpaka wapi, asubiri kiasi gani mpaka maji yajikusanye chini ya shimo yawe safi. Mimi niliyezaliwa Mombasa, maji kwangu yalikuwa ni kufungua mfereji, na usipotoa kitu, kulalamika.

Lakini mto wa mchanga ukija, huja kama mwizi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililochukua wanakwaya wa kanisa waliokuwa wakienda arusini Nuu lilisukumwa na maji ya mto Enziu uliofurika, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Mke wangu wiki ile alikuwa kwao, amekwenda kumwuguza mama yake. Sitaki kueleza aliyoyaona na kuyasikia. Msiba ule ulikuwa wa nchi nzima. Nitasema tu kwamba aliporudi Mombasa hakutaka tena kuvuka maji asiyoyaona chini yake. Hata kivuko cha Likoni alikikataa, akawa radhi ndugu zetu wa Likoni wamwone mwenye kiburi.

Mimi, kwa akili yangu ya kiume, nikaona dawa ya moto ni moto. Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Siyu, na kwa miaka kumi na mitano ya ndoa nilikuwa nikimwahidi mke wangu kwamba nitampeleka akaonane na jamaa zangu wa huko. Kuunga udugu ni ibada. Nikamwambia, "Mama watoto, twende Pate." Akanyamaza siku mbili. Ya tatu akaniletea masharti. Kwanza, tuvuke bahari mara moja kwenda na mara moja kurudi, na mengine yote tuende kwa miguu, si kama wafanyavyo wengi, boti kutoka mji hadi mji. Pili, mizigo ataifunga yeye. Tatu, akisema turudi, turudi.

Nikakubali yote matatu, nikidhani lile la tatu tu ndilo zito.

Mizigo miwili

La kwanza kutugombanisha lilikuwa dumu la lita tano. Mimi nilikuwa nimetayarisha chupa ya chai, redio, viatu vya akiba, na chuo changu cha utendi wa Mwana Kupona, maana tunakwenda nchini kwake. Mke wangu akavitoa vyote ila chuo. Akatia tende, chumvi, kamba, leso mbili, kata ya kibuyu iliyotoka kwao, na lile dumu. Nikamwambia kisiwani kuna minazi, na penye minazi pana madafu. Akanijibu, "Na minazi ina wenyewe."

Mombasa hadi Mokowe ni basi la kutwa. Mokowe ndipo bara inapokwisha na boti za kwenda Lamu zinapoanza. Mke wangu alisimama ukingoni mwa gati akisoma Ayatul Kursiyyu, akaisoma tena, kisha akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu siku ya arusi yetu. Alifumba macho mpaka tukafika.

Kesho yake kutoka Lamu ilikuwa ndefu zaidi. Boti ya Pate hungoja maji yajae ili ipite Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara. Nahodha, mzee mpole, alimkalisha katikati ya chombo. Kulia kwetu Manda, kushoto mikandaa ya bara na baadaye gati mpya ya Kililana, iliyofunguliwa Mei 2021, inayokaa juu ya maji kama mgeni aliyekuja na sanduku kubwa kuliko nyumba. Mke wangu hakuiona. Aliishikilia leso yake usoni mpaka chombo kikagonga Mtangawanda, na aliposhuka alipiga magoti akaushika mchanga kwa mikono miwili. Vijana wa boda boda waliotungojea walidhani anatafuta kitu kilichomwanguka.

Pate yenyewe

Kutoka Mtangawanda hadi mji wa Pate tulikwenda kama saa nzima kwa miguu, tukiwakataa vijana wale na pikipiki zao. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kubeba. Shanta langu lilinikata mabega kabla ya nusu ya njia. Mke wangu alifunga kamba kwenye mzigo wake, akaipitisha juu ya kichwa, akainama kidogo mbele, akaenda. Ndivyo wanavyobeba kuni na maji kwao. Aliniambia nifanye hivyo nami. Nikaona haya, nikaendelea kuumia.

Mji wa Pate msomaji anaujua kwa sifa hata kama hajaufika. Hapa walitawala Wanabahani, ukoo uliotoka Omani. Khabari za Pate zinatia mwanzo wao miaka ya 1200, ingawa wataalamu wa leo wanausogeza mbele. Hapa Mwengo bin Athumani aliandika utendi wa Tambuka mwaka 1728. Hapa tena ndipo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoyatazama majumba yaliyobomoka akaifanyia nafsi yake mawaidha katika Al-Inkishafi. Niliyakariri hayo yote kwa mke wangu tukipita kati ya kuta ndefu za mawe na vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Nje kidogo ya nyumba za watu magofu yamesimama, na ndani yake, penye vyumba vya mabwana wa zamani, wenyeji wamepanda tumbaku. Majani mapana, ya kijani, yamepangwa kwa mistari mpaka chini ya vidaka vilivyokuwa vya kuwekea vyombo vya Kichina.

Nikangoja mke wangu aseme neno juu ya dunia na udanganyifu wake. Yeye akauliza, "Na tumbaku hii wanainywesha nini?"

Swali hilo sikuwa nimelifikiri. Nikatazama, nikaona kweli: kisiwa kizima hakina mto hata mmoja. Visima vipo, lakini vingi vina chumvi chumvi. Mvua za vuli za mwaka 2021 zilikuwa haba, pwani hata Ukambani. Mvulana mmoja akatuonyesha kilicho kikubwa kuliko magofu yote kwa mtu anayeishi hapa leo: jabia. Ni sakafu pana iliyosakafiwa na kuinamishwa. Mvua ikinyesha maji huteremka juu yake yakaingia katika birika lililofunikwa, na hayo ndiyo ya kunywa mpaka mvua nyingine. Mke wangu aliizunguka jabia ile mara mbili, akaipiga sakafu kwa kisigino, akainama kutazama tundu la birika. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mokowe. Akasema, "Hawa ni watu wa kwetu."

Kilichotokea Shanga

Siyu tulifika siku ya pili, kabla ya adhuhuri. Tulisali kwa kufupisha na kukusanya, ruhusa ya msafiri, na mke wangu akataka kujua kama ruhusa hiyo inatufaa hata tukilala nyumba ya ndugu. Nikamwambia inategemea siku tutakazonuia kukaa. Akasema basi tunuie kidogo.

Bibi yangu wa Siyu, ndugu wa marehemu bibi yangu, alitupokea kwa kahawa na machozi. Siyu ulikuwa mji wa wanavyuoni na wenye kunakili misahafu kwa mkono, na wa mafundi wa ngozi. Ngome yake iko kando ya kihori, ambacho maji yakipwa hubaki matope matupu. Watu wa Siyu waliwapiga askari wa Sayyid Said wa Unguja zaidi ya mara moja, na mji haukushikwa barabara mpaka mwaka 1863, zama za Sayyid Majid. Mimi ninajivunia hayo kama kwamba nilikuwapo.

Siku ya tatu nikataka kumwonyesha mke wangu Shanga. Ni mji uliokufa, kusini ya Siyu, ufukweni. Kuanzia mwaka 1980 ulichimbwa na mtaalamu wa Kiingereza, Mark Horton, na chini ya msikiti wa Ijumaa zikaonekana alama za misikiti iliyotangulia, mmoja chini ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Uislamu uliingia hapa mapema hivyo. Tulikaa pale kimya kitambo kirefu. Mke wangu akauliza kwa nini watu waliuhama, nikasema zinasemwa sababu nyingi. Akasema yeye anadhani visima vyao vilikufa. Sikuwa na jibu.

Wakati wa kurudi ndipo nilipokosea. Mwenyeji aliyetuleta alikuwa amebaki na shughuli zake, naye alituambia turudi kwa njia ile ile ya bara. Mimi nikaona ufukwe umekauka, mchanga mgumu, upepo mzuri. Nikasema tufuate pwani, tukate mikandaani, ni karibu zaidi. Mke wangu akasema hapana. Nikamwambia mimi ni mtoto wa bahari. Akanifuata, na huo wema wake nilikuwa sijaujua uzito wake.

Ilikuwa siku za bamvua. Mtoto wa bahari hakutazama mwezi! Tulipokuwa katikati ya mikandaa maji yakaanza kuingia, kwanza kama mtu aliyemwaga ndoo, halafu kila upande, yakinong'ona chini ya mizizi. Matope yakatushika hadi magotini. Nikaenda kushoto, pakafungika; nikaenda kulia, pakafungika. Nilipogeuka kumtazama mke wangu, uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na midomo inatetemeka. Nikajua haioni Shanga wala Pate. Anauona mto wa kwao.

Nikaanza kusema maneno ya kumtuliza. Akanikatiza. "Nyamaza," akasema. Katika miaka kumi na mitano hajaniambia neno hilo. Akasimama palepale maji yakimfika magotini, akatazama huku na huku muda nilioudhani ni saa, kisha akanyosha kidole. Juu ya ukingo wa udongo, mbali kidogo, palikuwa na mavi ya punda. Akasema, "Punda hafi maji." Akaenda. Nikamfuata. Kulikuwa na njia pale, nyembamba, iliyokanyagwa na kwato, inaingia na kutoka kati ya vichaka, na haishuki pwani hata mara moja. Dumu letu lilikuwa limebaki na vikombe viwili. Alinipa kimoja, akanywa kimoja, hakusema lolote juu ya madafu. Huo ndio mwendo niliousimulia mwanzo, wa hatua ishirini mbele yangu.

Njia ya punda ilitufikisha kwenye jabia. Wanawake na wasichana wa Siyu walikuwa pale na madumu yao kwa foleni, punda wawili wanangoja. Mimi nilikaa mbali chini ya mti, kwani pale ni pa wanawake na nguo zangu zilikuwa za matope. Nikamwona mke wangu akienda nyuma ya mstari bila ya kuomba apishwe, ingawa kila mtu aliiona hali yake. Mwanamke mmoja akamwita aje mbele. Akakataa. Mama mmoja wa makamo akasema kwa sauti niliyoisikia, "Ndoo, mai ni ya mui," akamtekea. Mke wangu akatoa kata yake ya kibuyu, na hiyo kata ikaenda mkono kwa mkono, kila mmoja akiigeuza. Baadaye nilifahamu alikuwa akiwaeleza habari za Nuu: kwamba kuna mito ya mchanga, na kwamba ukijenga ukuta wa mawe kukata mto mkavu, mafuriko huleta mchanga nyuma yake, na mchanga huo hushika maji ambayo jua haliyafikii, na unachimba miezi mingi baada ya mvua. Mmoja akamwuliza kama mchanga haunywi maji yote. Akasema unayanywa, lakini unayarudisha.

Neno la bibi

Usiku ule, kwa aibu niliyokuwa nayo, nikafanya kama wafanyavyo wanaume wenye aibu: nikatafuta kosa la mwenzangu. Mke wangu alikuwa amelala. Nikamlalamikia bibi yangu kwamba mke wangu ameninyamazisha mbele ya Mungu na mikandaa. Nikakitoa chuo changu, nikamkumbusha kwamba sisi tuko Siyu, nyumbani kwa Bwana Mataka, ambaye mkewe Mwana Kupona binti Mshamu, mnamo mwaka 1858, naye mgonjwa, alimtungia binti yake utendi unaomfundisha dini, adabu na namna ya kumtunza mume. Nimekuwa nikimsomea mke wangu utendi huo tangu fungate. Kila nilipokasirika, niliufungua.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwana Kupona alimwandikia binti yake. Wewe hukuandikiwa kitu."

Akaenda kuzima taa. Mimi nilibaki gizani na chuo mapajani. Msomaji usinifahamu vibaya. Utendi ule ni lulu, na mama aliyeutunga akijua kifo ki karibu alimwachia mwanawe alichokuwa nacho. Lakini barua ya mama kwa bintiye nilikuwa nimeifanya fimbo, na sikuona mpaka nilipoambiwa na ajuza wa mji ule ule. Alfajiri nilimwomba radhi mke wangu. Alisema, "Viatu vyako vimekauka?"

Faza na kurudi

Yaliyobaki nitayapitisha upesi. Siku ya nne tulikwenda Faza, mji ambao Wareno waliuadhibu vikali mwaka 1587, na ambako limo kaburi la Amir Hamad, jemadari wa Sayyid Said aliyeuawa miaka ya 1840 katika vita vya Siyu na Pate. Mwaka 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyumba za hapa, na mpaka leo mwenyeji akikusimulia mji wake huanza na moto, si na Wareno. Tuliona mihirabu ya msikiti wa Kunjanja, uliobaki gofu, na nakshi zake zilinifanya nisahau mabega yangu. Wakati huo, nisifiche, kamba ilikuwa imeshapita juu ya kichwa changu. Watoto wa Faza walicheka. Hapakuuma tena.

Siku ya tano tulitoka Faza na mapema kwenda Kizingitini, mji wa wavuvi. Hapo mke wangu aliniambia hana haja ya kurudi Mtangawanda kwa miguu. Boti ya Lamu inaondoka hapahapa, na safari yake ni ndefu zaidi. Nikamkumbusha sharti lake. Akasema sharti ni lake.

Tulipanda maji yalipojaa. Hakufumba macho, wala hakunishika mkono, na kusema kweli jambo hilo la pili lilinisikitisha kidogo. Tulipoingia kilindini alimwuliza nahodha maji haya yana kina gani. Vijana wa chombo wakacheka, lakini nahodha hakucheka. Akamwambia bora aone mwenyewe, akampa bildi, ile kamba yenye risasi nchini, akamfundisha kuiteremsha na kuhesabu. Mke wangu akaiachia polepole, kamba ikipita vidoleni mwake kama alivyozoea kamba ya kisimani, mpaka ikalegea. Akaivuta, akaipima kwa mikono.

"Pima tatu," akasema. Akaitazama risasi iliyotoka chini, akachukua ule mchanga mdogo ulioganda, akausugua kwa kidole gumba. Kisha akaomba aiteremshe tena.